Mdogo wangu ana dalili za ADHD (tatizo la umakini na kutotulia) ukubwani: aanzie wapi hapa Dodoma, na hiyo tiba ya mazungumzo wanazungumza nini?

Dada wa Ipagala: Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaolijua hili jambo kitaalamu. Mdogo wangu wa kiume, miaka 31, ni mtumishi pale Mtumba. Kichwa anacho, ila marejesho ya masurufu (hesabu ya fedha za kazi alizopewa) anachelewesha mpaka mshahara unakatwa, umeme unamzimikia usiku na hela ya LUKU anayo, na kila kazi anayoianza inaishia njiani. Kajaza dodoso mtandaoni, likaonyesha dalili zipo. Aanzie wapi? Dawa ni lazima? Nikimtajia tiba ya mazungumzo ananijibu, "Mimi sina huzuni, nikazungumze nini?"

Zamu ya Usiku: Dada, dodoso ni la kuchuja tu. Lile la Shirika la Afya Duniani lina maswali 18, na 6 ya mwanzo ndiyo yenye uzito. Ukifikia kiwango kwenye 4 kati ya hayo, maana yake nenda ukaonane na daktari, basi. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili atataka zaidi. Kwa DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, mtu mzima awe na dalili zisizopungua 5 kati ya 9 za kukosa umakini, au 5 kati ya 9 za kutotulia na kukurupuka, baadhi zake ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane sehemu zaidi ya moja. Kama anavurugikiwa ofisini tu tangu abadilishiwe mkuu wa idara, nyumbani yuko sawa, hapo tafuteni sababu nyingine.

Kwa hiyo asiende mikono mitupu. Abebe ripoti za shule ya msingi kama zipo, zile zenye maoni ya mwalimu, na aende na mtu aliyemwona akikua. Kama mama yuko Kondoa hawezi kuja, mpigie, andika anachokumbuka. Kliniki ya wagonjwa wa nje ipo Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na wala asione haya kuonekana pale getini. Utani wa mjini hauponyi mtu. Aulize pia vipimo vya tezi ya shingo na wingi wa damu, na aseme ukweli kuhusu usingizi, kukoroma, pombe na mirungi. Msongo, sonona na kukosa usingizi vinafanana sana na ADHD. Tofauti kubwa ni kwamba ADHD haiji na kuondoka kwa misimu, ipo tangu utotoni.

Mizani: Kuhusu dawa: si lazima, ila kwa mtu aliyeathirika kiasi hicho ndizo zenye matokeo makubwa kwenye umakini wenyewe. Methylphenidate ya kawaida inafanya kazi takriban saa 4, ni dawa inayodhibitiwa, inaanzwa kidogo na kupandishwa polepole. Shinikizo la damu na mapigo ya moyo vipimwe kabla ya kuanza na kila dozi inapopandishwa. Inapunguza hamu ya kula, na akiimeza jioni hatalala. Dawa nyingine, atomoxetine, kwa mtu mzima huanzia miligramu 40 kwa siku, baadaye 80, na inahitaji wiki kadhaa. Wengi huiacha wiki ya pili wakidhani haifanyi kitu. Kama anatumia fluoxetine, dawa ya sonona, amwambie daktari, maana inapandisha kiwango cha atomoxetine mwilini. Kabla hajaondoka kliniki, aulize dirisha la dawa kama ipo na kama bima inailipia. Asinunue kwa mtu wa mtaani.

Karani Mkongwe: Nijibu la mazungumzo, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Tiba ya mazungumzo kwa ADHD, yaani tiba ya mawazo na tabia, si kikao cha kumwaga machungu. Ni mafunzo, mara nyingi vikao kama 12, na kazi ya nyumbani kila wiki. Mtaalamu akikaa mwezi mzima anauliza utoto tu, hakuna daftari wala zoezi, mwulizeni mpango wake.

Kwanza, kalenda moja na orodha moja. Siyo nusu kwenye simu, nusu kwenye karatasi za mezani. Kila kazi ipewe A, B au C: A ni ya leo au kesho, C ni ya kusubiri. Linaloharibu ni kwamba C huwa nyepesi, atamaliza C zote ajisikie kachapa kazi, huku A imelala.

Pili, apime umakini wake. Achukue kazi inayochosha, awashe saa, asimame pale anapotamani kuacha. Kama ni dakika 12, basi kazi zote zikatwe vipande vya dakika 10. "Marejesho ya masurufu" si kipande, ni mlima. Kipande ni: toa risiti zote kwenye begi, weka mezani. Kinachofuata: zipange kwa tarehe. Kisha: jaza fomu, safu ya nauli peke yake. Kila kipande kianze na kitendo ambacho mkono unaweza kukifanya.

Tatu, karatasi ya "baadaye" pembeni. Wazo likiingia katikati ya kazi, aliandike, arudi. Asilifanye, wala asipambane kulisahau.

Dada wa Ipagala: Asante sana. Ila namjua, hilo daftari atalipoteza kabla ya Ijumaa.

Karani Mkongwe: Ndiyo maana linafungwa kwenye jambo asiloruka. Anakunywa chai kabla ya kutoka? Daftari likae juu ya chupa ya chai, lisomwe kikombe kikiwa mkononi. Kengele za simu ziwe mbili: ya kuanza kujiandaa na ya kutoka mlangoni. Na akiizima bila kufanya kilichoandikwa, aipange upya papo hapo. LUKU inunuliwe siku ya mshahara, ya mwezi mzima.

Mke wa Mwalimu: Na wewe dada, usiwe kengele ya tatu. Ukimpigia kila saa atategemea simu yako au ataanza kukukwepa. Msaada unaofaa ni kukaa naye Jumamosi saa moja, yeye na risiti zake, wewe na kazi yako, bila kumsahihisha. Wengi wenye ADHD huanza kazi kwa urahisi zaidi mtu mwingine akiwa mezani.

Dada wa Ipagala: Jumamosi hii naanza naye. Kliniki tutakwenda wiki ijayo, na mama nampigia leo.