Binamu anadai pesa ili asimwonyeshe mama video za mdogo wangu. Nilipe?

DadaWaMamboleo
Wadau, niko Kisumu, naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kujibu.

Mdogo wangu ana miaka 31 na anaishi Los Angeles. Alienda kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani, akaanza kwa kubeba mizigo ghalani. Siku hizi anaigiza filamu za watu wazima, zile za wanaume kwa wanaume. Aliniambia mwenyewe kwamba yeye ni shoga na kwamba kazi hiyo hakulazimishwa na mtu. Niliumia, sitaficha. Lakini ni yeye aliyemlipia mama upasuaji wa goti, na watoto wangu wako shuleni kwa jasho lake.

Sasa binamu yetu ameipata video moja. Amenitumia picha ya skrini, uso unaonekana wazi, na anadai elfu hamsini kwa M-Pesa, la sivyo ataituma kwa kundi la familia. Mama yuko Ahero, ni mtu wa kanisa, na ana presha. Nimeshaomba mkopo kwa chama. Nilipe? Na kazi hii yenyewe, itamfikisha wapi kijana wetu?

Jaduong_Kibuye
Usilipe hata shilingi. Video itabaki kwa simu yake, na mwezi ujao atarudi na bei mpya. Hifadhi jumbe zote pamoja na namba aliyotaka pesa itumwe. Huo mkopo wa chama urudishe kesho.

WakiliMdogo
Dada, kudai pesa kwa vitisho ni jinai. Zaidi ya hapo, sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 37, inakataza kusambaza picha za faragha za mtu: faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka miwili, au vyote viwili. Mwandikie binamu hivyo, kwa ufupi na bila matusi. Wengi hunyamaza hapo.

Ila usikimbilie kituo cha polisi peke yako. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachoadhibu ngono kati ya wanaume, bado kipo, kifungo chake hadi miaka 14, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Nenda na wakili. NGLHRC ya Nairobi, shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji, huwasaidia watu kwa kesi za namna hii, na Mahakama ya Juu ilithibitisha haki ya shirika hilo kusajiliwa mnamo Februari 2023. Mdogo wako naye aongee na wakili kabla hajakata tiketi ya kuja nyumbani.

MamaTumaini
Mimi ni mama wa kanisa na kazi hiyo siikubali. Hilo nitamwambia yeye ana kwa ana akinipa nafasi. Lakini binamu anayemuuza ndugu yake kwa elfu hamsini hana tofauti na mwizi. Mama aambiwe, na aambiwe na mwanawe. Akisikia kwanza kutoka kwa kundi la WhatsApp, hapo ndipo presha itapanda kweli.

FundiTaa_254
Niliwahi kushika taa kwa seti za California, kwa hivyo hilo swali la mwisho nitalijibu. Mwigizaji hulipwa kwa kila onyesho, basi. Mkataba huipa kampuni haki zote za video. Ikiuzwa miaka ishirini hapati senti nyingine. Ndiyo maana wengi sasa hufungua kurasa zao za kulipia kila mwezi, angalau video inakuwa mali yao. Muulize mdogo wako kazi yake iko kwa jina la nani, na kama ana akiba. Uso ukishatoka hauwezi kurudishwa, na simu za kazi hupungua umri ukisonga.

Ugonjwa najua unakutia hofu. Casey Donovan, mwalimu aliyegeuka nyota wa filamu hizo miaka ya 70, alifariki kwa UKIMWI 1987, na wenzake wengi vivyo hivyo. Wakati huo dawa za kuudhibiti vizuri hazikuwepo. PrEP, dawa ya kukinga mtu asiambukizwe VVU, iliidhinishwa Marekani 2012, na seti nyingi leo hudai vipimo vya karibuni, mara nyingi vya ndani ya siku 14. Hatari haijaisha, lakini hizo si zile nyakati.

DadaWaMamboleo
Asanteni sana. Nimeongea naye, amelia, kisha amesema atampigia mama Jumamosi. Binamu nimemwandikia kama wakili alivyosema, amesoma, hajajibu. Pesa za chama nimezikataa. MamaTumaini, niwe na mama siku hiyo, au niwaache wawili?

MamaTumaini
Lala Ahero Ijumaa. Asubuhi hakikisha amekula na amemeza dawa zake, mpe simu, utoke nje uketi karibu. Akikuita, ingia. Na mwambie kijana asianze na video. Aanze na kumwambia mama yeye ni nani. Hilo la kazi lifuate mama akiuliza.

Jaduong_Kibuye
Na hiyo Ijumaa mtoe binamu kwa kundi la familia. Kama admini ni mjomba, mpigie leo.