Mrejesho: Kadi ya bidhaa sasa inafuata nafasi iliyopewa

Wiki iliyopita niliuliza kwa nini kadi ya bidhaa (kisanduku chenye picha na bei), iliyokaa vizuri katikati ya ukurasa wa tovuti, ilibanana na kukata maandishi kila nilipoiweka kwenye safu nyembamba ya pembeni, ilhali nilikuwa nimeandika kwa uangalifu @media, kanuni ya CSS (lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti) inayobadilisha mpangilio kulingana na ukubwa. Nawashukuru kwa dhati mlionielekeza kwenye @container, kanuni inayopima kisanduku kilichobeba kadi, kwani @media hupima dirisha zima la kivinjari, si nafasi ambayo kadi imepewa.

Mwanzoni haikufanya kazi, na kosa lilikuwa langu: niliandika container-type: inline-size (agizo la kukifanya kisanduku kipimwe upana) kwenye kadi yenyewe, kumbe elementi haiwezi kujipima ili ijibadilishe, bali hupimwa kisanduku kinachoizunguka. Nilipolihamishia agizo hilo kwenye div (kisanduku cha HTML) ya nje, picha ilipanda juu ya bei mara tu upana uliposhuka chini ya pikseli 400, jambo lililonifurahisha mno. Tahadhari moja: div hiyo ikiwa ndani ya flex (mpangilio wa visanduku kwa mstari) bila kupewa upana, husinyaa hadi sifuri, hivyo niliiongezea flex: 1 ili ijaze nafasi iliyopo.

Chrome kuanzia toleo la 105, Safari 16 na Firefox 110 zinaielewa @container. Vivinjari vya zamani zaidi huonyesha kadi ya safu moja, inayosomeka bila taabu.