Mjadala: Schutzgebiet, ulinzi wa nani?

Wapo wanaoshikilia kwamba neno la Kijerumani Schutzgebiet, lililoundwa kwa Schutz (ulinzi) na Gebiet (eneo), inafaa tulitafsiri "nchi lindwa" tunapoandika habari za Tanganyika chini ya Wajerumani, kwa kuwa ndilo lililokuwa jina la kisheria. Napinga tafsiri hiyo, na sababu yangu imo katika chimbuko la neno lenyewe.

Bismarck, kansela wa Ujerumani, aliliepuka neno Kolonie (koloni) kwa sababu hakutaka serikali yake ibebe gharama za utawala ambazo, kwa maoni yake, zilipaswa kubebwa na wafanyabiashara. Tarehe 24 Aprili 1884 alimpelekea konseli wake wa Cape Town telegramu ya kuwatangazia Waingereza kwamba Adolf Lüderitz, mfanyabiashara aliyejitwalia ardhi kaskazini mwa mto Orange (Namibia ya leo), yeye na makazi yake wako chini ya ulinzi wa Dola ya Ujerumani. Aliyelindwa ametajwa kwa jina. Wenyeji wa ardhi hiyo hawamo kabisa.

Kwetu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Carl Peters, Mjerumani aliyeongoza jumuiya binafsi ya kutafuta makoloni, alirudi Berlin na mikataba ya Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami, na tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaizari Wilhelm wa Kwanza akaipa jumuiya hiyo ya Peters hati iitwayo Schutzbrief, yaani hati ya ulinzi. Hati hiyo inayaweka maeneo hayo chini ya ulinzi wa Kaizari, na papo hapo inaikabidhi jumuiya ya watu binafsi mamlaka ya kuwahukumu wenyeji. Sultani Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya Unguja mwezi Agosti mwaka huohuo. Hata jeshi lililoundwa mwaka 1891, ambalo baadaye lilizima Vita vya Maji Maji kwa kuchoma vyakula vya watu, liliitwa Schutztruppe, yaani kikosi cha ulinzi.

Nakubali kwamba jina la kisheria halifutiki, na ndiyo maana napendekeza libaki kwa Kijerumani kila tunaponukuu hati, ila kwa maneno yetu wenyewe tuandike "koloni". Anayeitetea "nchi lindwa" atuonyeshe hapa ni kifungu kipi cha hati ya 1885 kinachowakinga Wasagara dhidi ya jumuiya ya Peters.