Ofa ya kazi Dubai: mkataba unasema nini, na unanyamazia nini

Kutoka kwa: Kijana wa Mwanga, Kigoma

Assalaam aleikum kaka zangu na dada zangu, na shikamooni nyote mlionizidi umri.

Mimi ni karani wa ghala hapa mjini, nina mke na mtoto mmoja wa miaka mitatu. Nimeletewa ofa ya kazi kama hii ninayoifanya, katika kampuni ya kusambaza vipuri Dubai, kwa mshahara wa jumla ya dirhamu 3,500 kwa mwezi: msingi 1,500, posho ya nyumba 1,000, posho ya usafiri 500, na nyinginezo 500. Wakala aliyenitafutia yuko Dar es Salaam. Anataka nimpe shilingi milioni mbili na nusu, na anasema nitatangulia kwa viza ya matembezi, kisha mambo mengine yatamalizwa nikishafika.

Hapa nyumbani kila mtu ana neno lake. Wengine wananiona nimeshaokota dhahabu, na wengine wananitajia watu waliorudi na begi tupu. Naomba mlioishi huko mnieleze faida na hasara zake bila kunipaka mafuta, na mniambie pia kama nitaweza kuwachukua mke wangu na mtoto.

Kutoka kwa: Mtu wa Ujiji, zamani Deira, Dubai

Waaleikum salaam, mdogo wangu, na marahaba.

Nilikaa Dubai miaka tisa, tangu 2014 hadi 2023, na kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo ya ghalani, kwa hiyo sitakusimulia habari za kuambiwa. Nianze na wakala wako, kwa sababu hapo ndipo moto unapowaka. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri na kumleta, iwe moja kwa moja au kwa kupitia mtu mwingine. Mwajiri wa kweli hukutumia ofa iliyosajiliwa katika wizara ya kazi ya kule, ukaitia saini ukiwa bado Kigoma, kisha hukukatia kibali cha kuingia kwa ajili ya kazi. Viza ya matembezi haikuruhusu kufanya kazi hata siku moja, na ikiisha muda nawe ungali ndani, unahesabiwa faini ya dirhamu 50 kwa kila siku. Nimeishi chumba kimoja na kijana wa Kitanzania aliyeambiwa maneno hayo hayo, kwamba mambo yatamalizwa akishafika. Miezi minne baadaye alikuwa anahesabu faini badala ya mshahara. Usimpe huyo wakala hata senti kabla hujapata namba ya ofa, na ukitaka kujua kama wakala amesajiliwa, waulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

Sasa tuje kwenye mshahara. Ni kweli kwamba hakuna kodi inayokatwa kwenye mshahara, na kwamba dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani tangu 1997, dola moja kwa dirhamu 3.6725, kwa hiyo unachokituma nyumbani hakiyumbi kwa upande wa kule. Kinachoyumba ni shilingi yetu. Mishahara hupitishwa katika mfumo wa benki unaosimamiwa na serikali, na mwajiri akichelewesha, wizara inaona. Katika miaka tisa nilicheleweshewa mara mbili tu, na ninajua watu wa hapa Kigoma wanaodai mishahara ya tangu mwaka juzi. Hiyo si faida ndogo.

Lakini itazame tena ofa yako, mstari wa kwanza. Msingi ni 1,500 kati ya 3,500. Wakati wa kuondoka, kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 za msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaozidi hapo, mradi uwe umetimiza angalau mwaka mmoja. Hata saa za ziada huhesabiwa kwa msingi, ukiongezewa robo, au nusu ikiwa ni kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Mimi nilikuwa napokea 4,200, msingi ukiwa 1,800, na wala sikuuliza, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ile jumla. Siku ya kuondoka mhasibu alinigeuzia kikokotoo chake nikitazame: 1,800 gawanya kwa 30 ni 60, siku 105 za miaka mitano ya kwanza na siku 120 za miaka minne ya mwisho ni siku 225, jumla dirhamu 13,500. Jirani yangu wa meza, aliyekuwa akipokea jumla ile ile ya 4,200 kwa muda ule ule, alikuwa ameandikiwa msingi wa 3,000, akaondoka na 22,500. Zangu ziliezeka nyumba ya Ujiji, na injini ya mtumbwi niliyoikusudia ikabaki dukani. Kwa ofa yako ilivyo, ukikaa miaka mitano utaondoka na 5,250. Mwandikie mwajiri sasa, kabla ya saini, umwombe apandishe msingi na apunguze hizo nyinginezo. Jumla haitabadilika, na wengine hukubali.

Posho ya nyumba ya 1,000 haikupangishii nyumba. Inakupa kitanda. Nilikuwa nalipa 700 kwa kitanda cha chini katika chumba cha Deira chenye vitanda vya ghorofa, watu sita, kila mmoja ametundika pazia lake, na viatu vyetu vimepangwa kwenye korido kama vya mlangoni mwa msikiti. Dirisha halikufunguka kwa sababu ya kiyoyozi. Mama aliwahi kunitumia dagaa wa Kibirizi, kilo mbili, nikawakaanga jioni moja kwa mafuta ya mawese. Kabla sufuria haijapoa, wenzangu wawili walikuwa wameshapiga simu kwa msimamizi wa jengo. Tangu siku hiyo dagaa niliwala kwa rafiki yangu wa Sharjah, mji jirani, ambako kodi ya pango ni nafuu zaidi, ila yeye aliilipa kwa foleni ya magari, saa moja na nusu kwenda kazini na saa moja na nusu kurudi. Anayetaka kupanga nyumba yake mwenyewe, mara nyingi mwenye nyumba atamtaka atoe hundi za tarehe za mbele kwa mwaka mzima.

Joto sitalieleza sana, maana utaambiwa na kila mtu. Kuanzia Juni hadi Septemba ni nyuzi 40 na kuendelea, na sheria inasimamisha kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Karani wa ghala hakai juani, ingawa kwetu mlango wa kupakilia ulikuwa wazi kutwa. Mji wenyewe ni safi, metro inakuja kwa dakika zake, na ukisahau simu kwenye kiti kuna uwezekano mkubwa wa kuipata. Kuhusu lugha usijidanganye kama nilivyojidanganya: kuhitimu chuo cha Kurani Ujiji kulinisaidia kusoma vibao vya barabarani bila kuelewa kilichoandikwa. Ghalani kwetu walisema Kihindi, Kimalayalam na Kiingereza cha kuvunjavunja, na Kiarabu nilikisikia zaidi msikitini.

Kuna mambo ambayo hapa nyumbani ni ya kawaida na kule yanakupeleka kituoni. Kumtukana mtu kwa ujumbe wa simu ni kosa la jinai. Kumpiga mtu picha bila ridhaa yake, vilevile. Mirungi usiitaje hata kwa mzaha, na dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli usizibebe bila kibali na cheti cha daktari. Benki nazo zitakukimbilia na kadi ya mkopo mara tu mshahara wa tatu ukiingia. Deni likikushinda unaweza kuwekewa zuio la kusafiri, na hapo utashindwa kufanya kazi na utashindwa kurudi.

Jambo la mwisho ni la pasipoti. Mwajiri haruhusiwi kukaa na pasipoti yako. Mimi nililijua hilo, nikaiacha ya kwangu katika kabati la chuma la ofisi, kwa sababu wote waliiacha na sikutaka kuonekana mkorofi. Mama yangu alifariki alfajiri ya Ijumaa. Simu za WhatsApp kule hazipigiki, ujumbe wa sauti tu ndio unaopita, kwa hiyo nilipata habari kwa sauti ya dada yangu saa mbili asubuhi, wakati kwao Ujiji ilikuwa saa moja, na walikuwa wamekwisha kuamua kumzika baada ya sala ya adhuhuri. Mazishi nilijua nisingeyawahi. Lakini aliyekuwa na ufunguo wa kabati alikuwa mapumzikoni hadi Jumapili. Nilifika Dar es Salaam Jumatatu, ndege ya Kigoma ikawa ya siku ya pili yake, na nilipoingia nyumbani matanga yalikuwa yameshaanuliwa na mikeka inakung'utwa. Pasipoti yako ikae mfukoni mwako, mdogo wangu, hata wakikuita mkorofi.

Kutoka kwa: Dada wa Isevya, Tabora, kwa sasa Dubai

Habari zenu, na pole kaka wa Ujiji. Hilo la mama hukuwahi kulisema hapa.

Nimesoma yote na mengi nayakubali, ila ninyi wa Kigoma, mwisho wa reli, mnapenda kuhesabu fedha, na fedha si hesabu yote. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya binafsi, na nitamjibu kijana kuhusu mke na mtoto, maana hilo kaka amelipita.

Ili mfanyakazi aidhamini familia yake ije kukaa naye, anatakiwa awe na mshahara usiopungua dirhamu 4,000, au 3,000 akiwa amepewa na nyumba. Wewe una 3,500 na posho ya kitanda, kwa hiyo kwa sasa jibu ni hapana. Na hata ukifika 4,000, elewa kwamba shule za serikali zimewekwa hasa kwa ajili ya wenyeji, nasi wageni tunasomesha katika shule za binafsi ambazo ada yake ya mwaka inaweza kumeza mishahara ya miezi kadhaa. Binti yangu yuko kwa bibi yake Isevya, darasa la tatu. Nilipojifungua mdogo wake nilipewa likizo ya siku 60 kwa mujibu wa sheria, 45 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu. Siku ya 61 nilikuwa zamu ya asubuhi, na mwezi wa tano nikampeleka naye Tabora. Anamwita mama yangu mama. Simlaumu.

Lakini naomba niandike na upande wa pili, kwa sababu wanawake wanaosoma hapa wataogopa bure. Ninatoka zamu ya jioni saa tano usiku, napanda metro katika behewa la wanawake na watoto, natembea dakika kumi hadi nyumbani, na katika miaka sita hakuna aliyenigusa wala kunisemesha vibaya. Nimeshika mashine ambazo mafunzoni nilizisoma vitabuni tu. Leseni ya mamlaka ya afya ya Dubai ilinichosha, maana vyeti vyako huhakikiwa mpaka kwenye chuo ulichosoma, na chuo changu kilikaa wiki kumi na moja bila kujibu barua pepe. Lakini nimeipata, na inanifungulia milango mingine. Wale wanaokwenda kufanya kazi za majumbani hali yao ni tofauti, maana wana sheria yao peke yao, ya 2022, inayowapa siku moja ya mapumziko kwa wiki na saa 12 za kupumzika kwa siku, na mkaguzi haingii nyumba ya mtu kirahisi kama anavyoingia ghalani. Anayekwenda huko aondoke na namba ya ubalozi wetu mdogo hapa Dubai ameiandika kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa.

Kaka, miaka tisa yako ilikupa paa, na mimi sita zimenipa kiwanja na leseni. Kijana aulize moyo wake kama mkewe ameridhia kukaa peke yake miaka miwili, kisha ndipo aulize habari za mshahara wa msingi.

Kutoka kwa: Kijana wa Mwanga, Kigoma

Nawashukuru sana, na poleni kwa mliyoyapitia.

Wakala nilimwomba namba ya ofa, akasema bei imeshuka hadi milioni moja na laki mbili. Sijampokelea simu tena. Anwani ya kampuni niliipata mwenyewe, nikawaandikia moja kwa moja. Wamejibu kwamba kazi ipo kweli, viza wanalipa wao, na msingi wanaweza kuupandisha hadi 2,200, lakini jumla inabaki 3,500. Nimekokotoa kama kaka alivyoonyesha: ni 1,540 kwa mwaka badala ya 1,050.

Mke wangu ameisoma barua ya dada mara mbili, na ameniomba tusubiri hadi baada ya Idi. Nimewaandikia kampuni kuuliza kama nafasi itaningoja.