Tamthilia za enzi za mkoloni: mbona jikoni hatuingii?

BintiChumbageni

Habari za humu jamani. Nimemaliza misimu yote miwili ya Indian Summers, ile tamthilia ya Waingereza inayoanzia Simla, mji wa milimani India, mwaka 1932, na nimebaki na kero moja. Mandhari nzuri (ingawa waliirekodi Penang, Malaysia, si India), magauni mazuri, na ile klabu yenye kibao cha kukataza mbwa na Wahindi inakufanya ugune peke yako sebuleni. Aafrin, karani Mhindi wa jamii ya Kiparsi, wamemwandika vizuri. Mchana yuko ofisini anawatumikia Waingereza, jioni yuko nyumbani na dada yake Sooni anayetaka haohao wafungashe virago. Hapo sina neno.

Kero yangu ni wanaoleta chai. Wanaingia, wanamimina, wanatoka. Misimu miwili, na hatujui hata wana watoto wangapi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge huku Tanga. Jiko lilijengwa nje, mbali na nyumba, moshi usiwafikie wakubwa. Mvua ikinyesha, supu ilibidi ivuke uwanja. Bibi alikuwa akisimulia jinsi babu alivyoshika mwavuli juu ya bakuli huku mgongo wake mwenyewe unalowa chapachapa, akifika mlangoni anabadili kanzu ndipo aingie mezani. Hiyo kanzu ya pili ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango kwa kazi hiyo tu. Sukari alipimiwa kwa kikombe kila asubuhi, kisha stoo inafungwa na ufunguo unaondoka na memsabu.

Lakini kilichotuvunja mbavu ni Kiswahili cha huyo memsabu. "Boi, wewe pika kuku mbili, mimi nataka chakula yangu sasa hivi!" Babu akirudi nyumbani anaigiza ile sauti mpaka majirani wanasogea. Sasa kwenye hizi tamthilia mambo yamegeuzwa: mtumishi ndiye anayepewa Kiingereza cha kuokoteza, bwana anatiririka kama anahutubia bunge. Huku kwetu aliyeokoteza ni bwana! Kile Kiswahili chao hata jina kilipata, Kisetla, yaani cha walowezi.

Nitajieni basi sinema au tamthilia ambayo kamera inaingia jikoni na kukaa. Out of Africa, ile ya mlowezi wa Kenya, msiniambie, naijua. Mtumishi Juma anavishwa glavu nyeupe apakue chakula, mwishoni anavuliwa, basi.

KandaZaKihindi

Dada, Lagaan ya 2001 umeiona? Jikoni haiingii, lakini kero yako ya lugha imepata dawa. Ni kijijini India mwaka 1893, na Kapteni Russell anadai kodi maradufu kwa Kihindi cha lafudhi ya kizungu kabisa. Wanakijiji ndio wenye lugha, yeye ndiye mgeni. Kodi yenyewe inaamuliwa kwa mechi ya kriketi, kijiji dhidi ya Waingereza. Mara ya kwanza niliiona banda la video, umeme ukakatika mechi ya kriketi ikiwa siku ya tatu. Watu walitaka warudishiwe kiingilio. Mwenye banda akasema filamu ni zaidi ya saa tatu na nusu, mmeshakula za kutosha.

Mimi lakini ninayemkumbuka ni Kachra. Ni wa tabaka wanaloliita lisiloguswa, mkono wake una kilema, na kwa kilema hichohicho mpira wake unapinda ukidunda. Kijiji kizima kinaonewa na Mwingereza, ila yeye akitajwa aingie timuni, kijiji hichohicho kinasusa. Yaani si kila tabaka lilikuja na meli.

MwanaKatuba

Jambo yenu, mimi niko Lubumbashi. Huku mtumishi wa nyumbani tunamwita boyi.

Dada, unayoitafuta ni Chocolat ya Claire Denis, ya mwaka 1988. Ni Kameruni chini ya Wafaransa. Protée, boyi wa nyumba ya mtawala wa wilaya, ndiye roho ya filamu. Anasema kidogo sana, lakini kamera haimwachi. Kuna pale anapompakia mtoto wa nyumba sisimizi kwenye mkate na siagi, mtoto anakula bila wasiwasi. Kuna pale anapofunga kamba za gauni la mama mwenye nyumba, wote wawili wanatazama kioo na hakuna anayepumua. Sitakuharibia mwisho, ila ukifika kwenye jenereta, angalia mikono.

Mimi ningependa mtu atengeneze ya kwetu. Kuanzia 1948 Wabelgiji walikuwa na kadi ya Mkongo "aliyestaarabika". Ukiiomba, wanakuja kukukagua mpaka nyumbani, waone unaishi vipi, kama munakula kwa uma. Hebu wazia hiyo meza: baba amevaa tai, watoto wamekatazwa kugusa ugali kwa mkono, na mgeni anaandika kwenye daftari.

MzeeMnaziMmoja

Mnaongea bwana na boi tu. Kwani katikati hapakuwa na watu? Dar tulikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini. Huo uwanja wa Mnazi Mmoja mnaopita kila siku mjue uliachwa wazi makusudi, kutenga uhindini na Kariakoo. Mwafrika alimwona Mzungu kwa nadra, ila Mhindi mwenye duka alimwona kila siku, akienda kukopa mafuta ya taa. Tamthilia yenye pande mbili tu mimi huizima. Nataka ya dukani, yenye lile daftari la madeni.

BintiChumbageni

Shikamoo mzee, hilo la daftari umenigusa, nyumbani nalo lilikuwepo.

MwanaKatuba, aksante. Chocolat nimeiona jana na mama, mimi nikimsomea maandishi ya chini kwa Kiswahili. Alikaa kimya muda wote. Ilipofika pale Protée anaoga nje, akasikia mwenye nyumba na mtoto wanapita, akaegemea ukuta akalia, mama akasema, "Baba alikuwa akioga usiku tu." Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia bomba la watumishi lilitazamana na baraza.

Babu wa vichekesho ndiye tuliyeachiwa. Hilo la bomba bibi hakulisimulia hata siku moja.

Baadaye akaniambia nirudishe nyuma pale pa sisimizi, akacheka mpaka akafuta macho. Lagaan tumeipangia Jumamosi, umeme ukiwepo.