Programu yangu ya Haskell inagandisha mashine, na Jumatatu nakabidhi kazi

Kokoto87: Wakuu, naombeni ushauri. Nimeandika programu kwa lugha ya Haskell, ya kusafisha majina na namba za simu kwenye faili la maandishi. Faili dogo inateleza. Nikiipa faili lenyewe, mashine inaganda mpaka kipanya kinagoma. Nibadilishe kompyuta?

MzeeWaPython: Hamia lugha ya Python, mistari mitano tu, unawahi mpira.

DadaHesabu: RAM (kumbukumbu ya mashine) ngapi? Faili lina ukubwa gani? Maandishi unayashika kwa String au Text?

Kokoto87: RAM GB 4. String.

DadaHesabu: Na faili?

Kokoto87: Kama MB 200 hivi.

DadaHesabu: Mdogo wangu! String ya Haskell ni listi, kila herufi na kijichumba chake cha baiti 24 kwenye mashine ya biti 64. Mara herufi milioni 200, hiyo ni GB 4.8. Hamia Data.Text, maktaba ya hiyo Text, tangu toleo la 2.0 inahifadhi kwa UTF-8, mfumo ambao herufi ya kawaida ni baiti moja.

Kokoto87: Dada, mistari 1,400 yote nimeandika kwa (x:xs), mtindo wa listi. Sirudi nyuma. Na si readFile, amri ya kusoma faili, ni mvivu, anasoma kidogo kidogo?

FundiSaa: Mvivu kweli. Ukipita mara moja, kilichotumika kinafagiwa, RAM haijai. Kuna mahali umekishikilia. Mimi niliwahi kukesha siku mbili naunganisha ripoti kwa ++, alama ya kuunga listi, kumbe kila nikiongeza neno mwishoni yanapitiwa upya yote ya nyuma. Mke wangu alidhani nina mchepuko. Weka hapa main, sehemu programu inapoanzia.

Kokoto87: Sawa... mwanzoni nahesabu mistari kwa length ili nioneshe asilimia. Halafu nasafisha listi ileile.

FundiSaa: Si ungesema tangu asubuhi! length inakwenda mpaka mwisho wa faili, na kwa kuwa listi bado unaihitaji, hakifagiwi kitu. Toa asilimia.

Kokoto87: Bosi ameshaiona kwenye faili dogo. Akiikosa atasema nimechakachua.

MamaIbada: Vijana na madoido. Fanya kazi, acha maonesho.

FundiSaa: Basi ita readFile mara mbili, ya kwanza ya kuhesabu, ya pili ya kusafisha. Na uandike kwenye faili jingine, ukiandika kwenye hilohilo unalosoma litakwambia limefungwa.

Mpekuzi_wa_Uzi: Hii chai. Baiti 50 kwa mstari, hao ni watu milioni 4. Bosi wako anaendesha nchi?

Kokoto87: Ni mauzo ya duka tangu 2015, wateja wanajirudia.

Mpekuzi_wa_Uzi: Duka likaajiri mtu wa Haskell. Ongeza tangawizi.

Kokoto87: Haskell nilichagua mwenyewe. Bosi anadhani ni Excel.

MzeeWaPython: 😂😂 Excel!

DadaHesabu: Mmeanza. Kokoto, umejaribu?

Kokoto87: Nimeita mara mbili. Inakwenda, asilimia 61. Text nitaiweka Jumanne.

Mpekuzi_wa_Uzi: Tupia picha ya skrini.

Kokoto87: Sigusi kitu hapa mpaka imalize.