Simu ambayo mkopo wake haujaisha: je, niinunue?

Ndugu zangu, kijana mmoja hapa Kampala ananiuzia simu ambayo bado anailipia kila wiki kwa kampuni iliyomkopesha, naye anaahidi kumaliza deni kwa fedha nitakazompa. Je, ni salama?

Jibu la 1: Usimkabidhi fedha mkononi. Simu za mkopo kwa kawaida huwekewa programu inayofunga skrini malipo yanapochelewa, na kubadilisha laini hakusaidii, kwa kuwa kufuli limefungamana na simu yenyewe. Isitoshe, mikataba mingi husema simu ni mali ya mkopeshaji hadi deni liishe; anauzaje kisicho chake?

Jibu la 2: Naongezea. Nendeni wote wawili ofisini kwa mkopeshaji, deni lilipwe mbele yako, mhudumu aondoe kufuli, ndipo umpe muuzaji kinachobaki. Piga *#06# na ulinganishe namba ya IMEI (namba ya pekee inayoitambulisha simu) itakayoonekana na iliyo kwenye boksi, kisha andikianeni hati ya mauziano yenye namba ya kitambulisho chake cha taifa.

Muulizaji: Ahsanteni. Nimemweleza kuhusu kwenda ofisini, naye sasa anadai ana haraka ya kusafiri kwenda Mbale.

Jibu la 2: Basi mwache asafiri nayo.